Mpira Mrefu

Enzi zetu mpira haukununuliwa, ulifungwa. Wewe wa rika langu ukisoma hapo, vidole vyako vimeshaanza kukumbuka. Unaokota juala la plastiki, unalikunja na kulikunja mpaka linakuwa gumu kama kokwa la parachichi, na hiyo ndiyo roho ya mpira. Juu yake unavalisha juala lingine, na lingine, halafu karatasi ya mkate ambayo bado ina harufu yake, halafu soksi ya mtu ambaye hajajua bado kwamba imepotea. Mwisho ni nyuzi za gunia, na hapo ndipo ufundi ulipo. Unavuta uzi kwa meno, unazungusha, unapiga fundo, unazungusha tena, ulimi uko nje kama mtu anayetunga sindano. Mpira wako ukidunda, hata kidogo tu, jina lako litatajwa shule nzima.

Mimi sikusoma sana, nikwambie mapema usije ukatafuta maneno makubwa hapa. Niliachia darasa la saba. Lakini mpira nilisoma mpaka nikafuzu.

Aliyenifundisha kufunga ni Halima. Tulikaa dawati moja. Watu wao walitoka kaskazini mashariki, na baba yake alikuwa na duka pale Noonkopir, la sukari, mashuka na taa za kandili. Majuala yetu sisi wengine yalitoka kwa ua wa miba, pale upepo ulipoyatundika, lakini ya Halima yalitoka dukani yakiwa safi, ameyakunja ndani ya mtandio. Mpira wake ulinukia iliki. Ukikupiga puani unaumia, lakini unaumia na harufu ya chai ya Idi.

Wakati huo Kitengela haikuwa hii ya magorofa. Ukisimama mlangoni kwa darasa letu unaona tambarare mpaka macho yanachoka, na ng'ombe, na nyumbu wakiwa katikati ya ng'ombe kama wageni waliokuja arusi bila kualikwa. Uwanja haukuwa na ukuta wala mwisho. Upepo wa Julai ukishika mpira, mnaufuata wote, timu zote mbili na golikipa na mbwa, mpaka mnaukuta umelala kwa kichaka kama sungura. Yeyo, yaani mama yangu, akituona tukirudi tumejaa vumbi alikuwa akisema, "Mtoto anayekimbiza makaratasi, akiwa mtu mzima atakimbiza nini?" Sasa mimi ni mtu mzima, na nikwambie ukweli, nimekimbiza mambo mengi ambayo hayakuwa na uzito wa lile juala.

Hata hesabu tulisomea mpira. Mwalimu mkuu wetu alikuwa anaitwa Mwalimu Kamande, mtu wa Murang'a, mfupi, suruali yake imefungwa mshipi juu karibu na kifua. Akiingia na mpira wa juala mkononi tunajua ni hesabu za kuzidisha. Anakutazama wewe, anamrushia mwingine. "Saba mara nane." Ukidaka, unajibu na kumrushia mwenzako. Ukiangusha, unasimama. Ukidaka na usijibu, pia unasimama. Mimi nilikuwa nadaka kila kitu na sijibu chochote. Mwalimu akasema, "Nasieku, mikono yako iko darasa la nane, kichwa bado kinakuja." Watoto wakacheka, mimi pia nikacheka, kwa sababu ya mikono nilikuwa nimesifiwa, na mtu akisifiwa mahali pamoja, pa pili anaweza kuvumilia.

Sasa, na mikono hiyo, ungefikiri nilikuwa nacheza sana. La. Saa ya michezo kwa wavulana ilikuwa saa ya michezo. Kwa sisi wasichana wa madarasa ya juu ilikuwa saa ya maji. Tangi lilikuwa upande wa juu, ng'ambo ya uwanja, na jikoni upande wa chini. Kengele ikilia, wavulana wanatimka uwanjani wakivua mashati, na sisi tunachukua mitungi. Unaubeba mgongoni, mkanda kwa paji la uso, unapita kando ya uwanja umeinama. Kwa hivyo mpira wa wavulana mimi niliujua kwa upande wa miguu. Nilijua nani anacheza kwa kutazama magoti. Mpishi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio Isinya, akiona pipa limepungua anapaza tu, "Wasichana, maji!" na hata ukiwa umelala ndotoni utasimama.

Mchezo wetu sisi ulikuwa kati, na tuliucheza kwa kuiba, kabla ya kengele ya asubuhi. Wa rika langu hawahitaji kuambiwa, lakini labda kuna mtoto anasoma juu ya bega lako. Kati ni hivi: wawili wa timu moja wanasimama huku na huku na kurusha mpira, na timu nyingine iko katikati inakwepa. Ukiguswa, unatoka. Akibaki mmoja wa mwisho, huyo ndiye mwokozi. Wanamrushia kwa zamu mpaka warushe zote zilizokubaliwa, na akizikwepa zote, wenzake waliotoka wanarudi uwanjani. Hakuna utamu kama huo, wenzako wamesimama kando wameshika mioyo, na uhai wao wote uko kiunoni mwako.

Nimeenda mbali. Nilitaka kusema juu ya Papa, yaani baba yangu, na ule mpira aliotuletea.

Kila mwaka mwisho wa muhula wa pili ilikuja shule moja kutoka upande wa mto kucheza na sisi. Walikuwa na viatu. Mwenyeji ndiye hutoa mpira na chakula, hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Wavulana wao wanacheza na wetu. Wasichana wao, na sketi zao za marinda, wanakaa kwa nyasi wakitutazama tukiwapitishia maji ya kupikia githeri yao ya mahindi na maharagwe. Mwaka mmoja msichana wao aliniuliza, "Na nyinyi mnacheza nini?" Nikamwambia, "Tunacheza na mtungi." Nilisema kwa mzaha, lakini usiku sikupenda vile nilivyosema.

Mwaka ninaousema, ikiwa miaka ya tisini hapo katikati, shule ilikuwa na mpira mmoja wa ngozi, na mwiba wa mgunga uliumaliza wiki chache kabla ya wageni. Mwalimu Kamande akaita mkutano wa wazazi. Wazazi wakaketi kwa madawati yetu, magoti yamefika kifuani. Mimi nilikuwa natoka tangini na mtungi mgongoni, nikasimama dirishani kupumua, kwa hivyo hili sikusimuliwa, nililiona.

Papa alichelewa. Alikuwa amenywesha ng'ombe kwanza. Alikuja amevaa shuka lake na akala, vile viatu vya tairi, akanipita pale dirishani. Niliinamisha kichwa kama inavyopasa, na yeye akaweka kiganja chake juu ya utosi wangu, akaona mkanda. Hakusema kitu. Papa alikuwa mtu wa maneno machache kwa Kimaasai, na kwa Kiswahili alikuwa na machache zaidi. Katika mikutano hakuwahi kufungua mdomo hata siku moja, maana wakati fulani huko nyuma alisema "ng'ombe zangu ananyonyesha" na watu wakacheka mpaka akakaa.

Basi alipoingia mlangoni, Mwalimu Kamande alikuwa anasema, "Wazazi, shida yetu kubwa saa hii ni mpira. Watoto wanapoteza saa ya michezo hivi hivi."

Wazazi wakaanza kutazama dari. Unajua vile watu hutazama dari.

Papa akasema akiwa bado amesimama, "Mpira nitaleta mimi."

Watu wakageuka. Mwalimu akashika mshipi wake. "Wewe mzee?"

"Mimi. Unataka mrefu ama mfupi?"

Darasa lilicheka, wakidhani kumbe mzee ni mcheshi. Mwalimu pia akacheka, akasema, "Mzee wangu, wewe lete vile utapata."

"Nitaleta mrefu," Papa akasema, na akakaa chini, na safari hii kicheko kilikuwa chake na si juu yake. Wakampigia makofi. Mimi dirishani mtungi ukawa mwepesi.

Siku zilizofuata nilikuwa binti wa mfalme. Kapteni wa wavulana aliitwa Lemayian, kijana mrefu ambaye kabla ya hapo hakujua jina langu. Akaanza kuniita dada. "Dada Nasieku, mzee wako ataleta ile ya madoa meusi ama ile nyeupe yote?" Nikamwambia ataleta kubwa, ndefu. "Mpira ndefu ni gani?" Nikasema ngoja uone. Mimi mwenyewe sikujua, lakini mtu akiwa binti wa mfalme hawezi kusema hajui. Ila moyoni nilikuwa na hofu. Papa alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, mara ya kwanza maishani, na kwa Kiswahili. Kama mpira hautafika, au ukifika mbovu, hatasema tena popote. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kidogo ambacho sikumwambia mtu, hata Halima. Nilikuwa nikiomba siku mpira ukija, niushike hata mara moja kabla ya wavulana, kwa vile umetoka kwetu.

Papa aliondoka na ng'ombe kwenda sokoni, kisha akapitia Nairobi. Dume letu lenye baka jeupe usoni halikurudi. Yeyo aliona, akaendelea kuosha kibuyu.

Siku ya wageni ikafika na Papa bado. Walikuja kwa miguu wakiimba, na mwalimu wao, madam mmoja mwenye kofia ya ukili. Wakapumzika. Wavulana wao wakafunga kamba za viatu. Mwalimu Kamande alikuwa anatazama barabara, anatazama saa, anatazama barabara. Ndipo tukamwona.

Papa alikuwa anakuja kutoka upande wa lami na punda wawili. Na juu ya punda, kila mmoja, kulikuwa na duara jeusi kubwa, limevimba huku na huku mpaka punda walionekana masikio tu. Alikuwa anatembea wima kuliko nilivyowahi kumwona. Akafika katikati ya uwanja, akasimamisha punda, akapiga lile duara kofi kama unavyompiga ng'ombe unayempenda.

"Mwalimu," akasema, "mpira ndio huu. Nilisema mrefu."

Ulikuwa mpira wa maji.

Wewe unayejua Kiswahili cha vitabu unaweza kucheka upesi. Lakini hebu fikiria. Mpira ni wa kuchezwa, na mpira ni wa kupitisha maji, na zile akala alizovaa zilikuwa za mpira wa gari. Mtu ambaye Kiswahili alikiokota sokoni angejua vipi ni upi umeitwa?

Wachezaji wakaja wakazunguka punda. Kisha Lemayian, Mungu amsamehe, akasema, "Hii tunapiga na kichwa ama tunajifunga nayo?" Kicheko kikaanza kwa wageni, kikaja kwetu. Nikamtazama Papa. Alikuwa anatabasamu pia, taratibu, kama mtu anayesubiri aelezwe mzaha ili naye acheke. Nilitamani tambarare ipasuke inimeze, na punda juu yangu.

Mwalimu Kamande alimtazama Papa. Akatazama wale punda walivyoloa jasho. Akavuta mshipi wake juu, na akasema kwa sauti ya kutangaza matokeo, "Shule, simameni. Mpira umefika. Makofi ya kilo!" Halafu akamgeukia Lemayian bila kupaza sauti. "Wewe na kikosi chako, shusheni mzigo. Mtaunyoosha kutoka tangini mpaka jikoni. Hiyo ndiyo mechi yenu ya kwanza."

Na wakaunyoosha. Mipira ilikuwa miwili, wakaiunga katikati kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao nao, ukitaka kujua, unaitwa mpira. Ukalala kando ya uwanja wote, mweusi, kama mstari uliochorwa. Papa mwenyewe akafungua bomba. Tukangoja. Kule chini mpishi akapiga yowe, tukadhani ni nyoka, kumbe ni maji yamemwingia miguuni kabla hajatayarisha pipa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesimama bure. Mikono yangu ilikuwa inaning'inia tu. Halima naye alikuwa anatazama mikono yake. Wasichana wote tulikuwa tumesimama pale kama watu walioshushwa stendi isiyo yao.

Kwa wavulana mambo yalikuwa mabaya. Mmoja akaleta mpira wa juala. Kapteni wa wageni akautazama, akatazama viatu vyake. "Sisi hatupigi takataka," akasema. Lemayian akamjibu, "Basi pigia viatu vyako makofi." Walimu wakaingilia kati.

Yule madam mwenye kofia ndiye aliuliza. "Mwalimu, wasichana wenu wanacheza nini?"

Mwalimu Kamande akafungua mdomo, na nilijua anataka kusema wanachota maji, kama kila mwaka. Akatazama ule mpira mweusi. Akafunga mdomo. Halima, ambaye haogopi mtu mpaka leo, akasema, "Kati, madam," na akatoa mpira wake kutoka kwa mtandio.

Basi siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wasichana wa shule mbili walicheza, na wavulana wa shule mbili wakakaa kwa nyasi wakitazama, viatu vimefungwa kamba bila kazi. Nikwambie, wale wa marinda walikuwa hodari. Walirusha chini chini, kwa magoti, mahali sisi hatukuzoea. Mmoja mmoja wetu akatoka. Halima akatoka akilalamika kwamba ni marinda ya mtu yaliyomgusa na si mpira. Nikabaki mimi katikati.

Nilikwepa. Niliruka, nikalala, nikapinda. Vumbi lilinijaa mdomoni na harufu ya iliki ilipita karibu na sikio. Lemayian, yule yule, nikamsikia akipiga kelele, "Nasieku, kulia! Kulia kwako!" Wenzangu wamejipanga kando, wameshikana mikono, wananingoja niwaokoe. Kisha rusho moja likapita juu kabisa, mpira ukatoka nje, ukabingirika, ukaenda moja kwa moja mpaka miguuni kwa Papa.

Aliuzuia kwa fimbo. Hivyo hivyo, fimbo chini, kama unavyozuia mwana-mbuzi asitoroke. Akainama akauokota. Akaupima uzito.

"Nini hii?"

Halima alikuwa karibu. "Ni mpira, baba."

"Mpira?"

"Ndiyo."

Papa akatazama lile duara dogo kiganjani. Akatazama ule mrefu uliolala kwa nyasi. Akatazama wavulana na viatu vyao. Niliona neno likimwingia taratibu, na likifika chini. Nikasema moyoni, ndiyo basi, Papa hatasema tena mkutanoni.

"Na unabeba nini?" akauliza.

"Haubebi kitu, Papa," nikamjibu kutoka katikati. "Tunacheza tu."

Kabla hajasema lolote, ule ukanda wa tyubu ukaachia. Maji yakaruka juu, yakalowesha wavulana wa viatu, na kutoka chini ikaja ile sauti. "Wasichana, maji!"

Sasa tabia ni kitu kibaya. Hakuna aliyetuambia twende. Tuligeuka tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mwokozi, zimebaki rusho chache, na miguu yangu ilishaanza kwenda kutafuta mtungi. Halima alikuwa ameshafunga mtandio kiunoni.

Papa akaturushia mpira wetu. Aliurusha vibaya, kama mtu anayefukuza kuku. Kisha akachuchumaa kwa matope, akashika zile ncha mbili, akazibana pamoja kwa mikono yake. Maji yalimpita katikati ya vidole, yakamlowesha shuka mpaka kifuani. Akageuza uso upande wa jikoni, na Papa yule wa maneno machache akapaza sauti kwa Kiswahili, mbele ya shule mbili na walimu wao.

"Maji iko! Mimi nashika! Wacha watoto acheze!"

Hakuna aliyecheka. Sijui kama ni kwa sababu ya ile sauti, ama ni vile alivyokaa. Mpishi hakuita tena.

Nikarudi katikati. Kama niliwaokoa wenzangu? Niliwaokoa. Walirudi wote wakaniangukia, na madam akavua kofia. Kisha tukacheza tena, na tena, mpaka githeri ikaiva, na muda wote huo Papa alikuwa pale amechuchumaa, ameshika. Mwalimu Kamande alienda kumpokea, akakataa. Alisema kama ng'ombe anakamuliwa, mkamuaji habadilishwi katikati.

Jioni tulirudi nyumbani, yeye mbele, punda katikati, mimi nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vya mama wa kufua. Tukatembea mpaka karibu na boma ndipo akasema, kwa Kimaasai sasa, "Hiyo Kiswahili ni lugha ya watu wavivu. Vitu viwili, jina moja. Sisi ng'ombe mwenye baka la shingo na mwenye baka la tumbo hawaitwi jina moja." Nikacheka. Naye akacheka. Ikawa hivyo kwetu miaka yote. Akitaka kwenda mjini ananiuliza, "Nikuletee mpira?" na mimi najibu, "Mrefu ama mfupi?" Yeyo alikuwa anasema hao wawili wana ugonjwa mmoja.

Nilipokuwa mkubwa, nimeshazaa, nilimuuliza kwa kweli. Nikamwambia, Papa, siku ile ya mkutano, ulidhani mwalimu anataka nini? Alikuwa anachonga fimbo. "Mwalimu alisema mpira," akasema. "Mimi nilikuwa nimetoka kukuona wewe."

Siku hizi, sijui nisemeje. Ule uwanja ni magorofa, na nguo zimeanikwa pale tangi lilipokuwa. Nyumbu hawaji tena, na wangekuja wangeegesha wapi? Juala lenyewe serikali imepiga marufuku. Tungekuwa watoto leo, timu nzima na Halima mbele tungelala korokoroni. Kijana wangu wa mwisho, Tajeu, ana mpira wa ngozi, na viatu, na soksi zake zote mbili anajua ziko wapi. Lakini mpira uko chini ya kitanda, na yeye yuko juu ya kitanda anacheza mwingine kwa simu, kwa vidole gumba. Juzi akanitokea akitweta. "Mum, nimewafunga tano." Nikamuuliza, umewafungia wapi? Hujatoka hata jasho. Akaniambia, "Mum, huelewi game." Mimi. Siuelewi mchezo.

Sisemi enzi zetu zilikuwa nzuri zote. Nani anautamani ule mkanda kwa paji? Ukinishika hapa juu ya nyusi bado utapata bonde lake. Tajeu akitaka maji anafungua bomba jikoni, hata hatazami, na mimi humtazama yeye anavyofungua. Labda kinachoniuma ni hicho tu, kwamba haoni mkono wa mtu.

Papa sasa ni mzee sana. Macho yamekuwa na ukungu, anakaa nje kwa stuli yake asubuhi, jua likimpata magotini. Jumapili iliyopita nilimtoa Tajeu kitandani kwa nguvu, nikamwambia chukua huo mpira wako wa ngozi twende kwa babu. Tulipofika, kijana aliinamisha kichwa, Papa akautafuta utosi wake, akaupata. Kisha Tajeu akauweka mpira chini, akausukuma kidogo kwa mguu, ukabingirika mpaka kwa mzee.

Fimbo ikashuka. Sijui aliuonaje. Ikauzuia pale pale, kama mwana-mbuzi.

Akauchukua akauweka mapajani. Akaupapasa mshono kwa mshono, akaubonyeza, akauweka sikioni akautikisa. Mimi nilikuwa nimeanza kucheka kabla hajasema.

"Ni mzuri," akamwambia Tajeu, na akamrudishia. "Lakini huu haupitishi maji."